Sema Safari, Doris

"Doris, nakuuliza mara ya mwisho. Hii safari unaitaka ama huitaki?"

Kwenye simu walisikika mbuzi tu, wanalia huko Dirma.

"Doris!"

"Nipo, mume wangu. Nakusikia."

"Basi nijibu."

"Si nimeshakujibu? Tutaenda. Tutatoka, tutazunguka, tutarudi. Unataka nisemeje tena?"

"Sema 'naitaka safari yetu.' Maneno matatu tu yanakushinda?"

"Yonas, kuna mgonjwa anaingia. Nitakupigia."

Simu ikakatwa. Yonas akabaki ameikodolea macho, kakaa juu ya gunia la vitunguu saumu ndani ya stoo yake pale Endagikot, roho inamuuma kama mtu aliyenyimwa chakula chake mwenyewe.

Jamani, si wivu tu. Mwanaume alikuwa na sababu.

Walifunga ndoa baada ya Krismasi. Yonas ananunua vitunguu saumu kwa wakulima wa huku juu Mbulu na kuvipeleka Arusha. Doris ni muuguzi wa zahanati ya Dirma, kule bondeni Hanang, na uhamisho wake ulikuwa bado unasubiriwa. Kwa hiyo walikuwa mume na mke wa kwenye simu, na wa Jumamosi na Jumapili ambazo Doris hana zamu. Fungate hawakuipata. Wakakubaliana: Julai, Doris akipata likizo, wanashuka wote Pwani.

Kuipanga hiyo likizo kulikuwa raha tupu mwanzoni. Yonas alitaka miji, Doris alitaka vijiji.

"Nikupeleke Dar ukaone magorofa," Yonas alisema.

"Magorofa nitayafanyia nini? Mimi nataka nikae kwenye mchanga, maji yaje yaniloweshe miguu."

"Kijijini tutaona kuku na migomba. Hata Endagikot vipo."

"Na bahari je? Ipo Endagikot?"

Hapo Yonas alishindwa. Wakagawana nusu kwa nusu: Tanga mjini kwanza, kisha Pangani na kijiji cha Ushongo, kisha Dar, halafu nyumbani. Kila mtu akaridhika, au ndivyo Yonas alivyodhani.

Lakini kuna kitu kilikuwa hakikai sawa. Zamani za uchumba, kila Yonas alipopakia mzigo wa Arusha, ujumbe ulikuwa unaingia: "Safari njema mpenzi wangu." Tangu ndoa, ujumbe ukabadilika: "Nenda salama." Zamani akimwambia "Mambo?" alijibiwa "Safi!" kwa sauti ya kuimba. Sasa anajibiwa "Poa," basi. Na kila akitaja safari, Doris ama ananyamaza, ama anapata mgonjwa. Hivi Dirma nzima inaugua saa ileile anayopiga yeye?

Aliyechochea moto alikuwa dada yake, Loveness. Alimkuta stoo.

"Kaka, mimi unajua sipendi umbea," alianza, na umbea wote duniani huanzia hapo. "Nilimpigia wifi nimpongeze. Nikamwambia hongera kwa safari. Akaniambia, 'Asante kwa hiyo.'"

"Hiyo?"

"Hiyo! Nikamwambia wifi, si useme tu kwamba una hamu na safari. Akacheka, akaniuliza habari za ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Hata mimi nilijiuliza, kaka. Ng'ombe gani?"

Yonas alijikaza, akamwambia aende zake. Loveness hajafika hata kwa jirani, simu ikaita. Alikuwa Clement, wakala wa tiketi pale stendi ya Mbulu mjini.

"Kaka Yonas, mkeo mzima kweli? Uliniambia nimpigie anipe majina ya kwenye tiketi. Nikamuuliza, dada, unathibitisha safari ya Tanga? Akasema, 'Nathibitisha kiti.' Nikamwambia kiti hakiendi peke yake, thibitisha safari. Akasema, 'Hiyo siwezi kusema.'"

"Amesema hawezi?"

"Kwa mdomo wake. Halafu nikamwomba jina lako la kati. Akasema nikuulize mwenyewe."

"Mke wangu hajui jina langu?"

"Kaka, mimi nakata tiketi tu. Mambo ya ndoa sijui."

Yonas akakata simu. Mke asiyetaka kutoka na wewe, na jina lako hataki kulitaja, huyo moyo wake uko kwa nani? Bado anajiuliza, simu ikatoa mlio. Ujumbe kutoka kwa Doris.

"Dada mwambie mama leo nimemkwepa tena. Yonas hajashtuka. Ila naogopa, siku akijua atanionaje? Naona aibu."

Akausoma. Akaurudia. Alipotaka kuusoma tena, ukapotea mbele ya macho yake. Umefutwa.

Weee! Nimemkwepa! Kwa hiyo kuna mtu. Kuna mwanaume anamfuata mke wake huko Dirma, na dada wa Doris anajua, na mama mkwe anajua, yeye peke yake ndiye mjinga wa ukoo.

Alimpigia Clement.

"Zile tiketi zifute."

"Kaka, tulia kwanza."

"Nimesema zifute!"

Akavua pete ya ndoa, akaitumbukiza mfukoni.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Hata kanisani hakwenda, ingawa baba yake ni katekista na Endagikot nzima wanamwita hivyohivyo, Katekista, kiasi kwamba jina lake halisi hakuna anayelikumbuka. Yonas alipanda basi hadi Katesh, akachukua bodaboda, akashuka Dirma amejaa vumbi na hasira hadi kope.

Nyumba ya Doris iko nyuma ya zahanati. Alimkuta uani anafua mashuka. Mama yake, aliyefika asubuhi ile kumtembelea kutoka Getanuwas, alikuwa ameketi kwenye kigoda anaota jua, amevaa sketi yake ya ngozi na bangili za shaba mkononi. Yonas alikuwa amepanga kuanza na kelele, lakini mbele ya mama mkwe akaanza na salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Yonas akageuka haraka.

"Umesikia, Doris? Hata mama analisema! Mama hakusoma, kalisema. Wewe una cheti cha uuguzi, linakushinda!"

Doris alisimama na shuka mkononi, maji yanachuruzika.

"Mume wangu, umekuja bila taarifa. Kuna msiba?"

"Msiba upo. Nani unayemkwepa?"

Shuka likamponyoka, likaangukia vumbini.

"Uliusoma."

"Niliusoma kabla hujaufuta. Ni mwanaume?"

Doris akamtazama mama yake. Mama akatazama jua.

"Ndiyo," Doris akasema. "Ni mwanaume."

Yonas akashika nguzo ya kamba ya nguo.

"Namjua?"

"Unamjua sana."

"Wa hapa Dirma?"

"Wa Endagikot."

"Endagikot! Kwetu! Ameoa?"

"Ameoa. Ana watoto. Ana na wajukuu."

"Mzee! Doris, unaniacha mimi kwa mzee?"

"Nani kasema nakuacha? Huyo mzee namheshimu kuliko wanaume wote wa kwenu."

"Mtaje jina!"

"Siwezi."

"Mtaje, Doris, nimjue, nikamalizane naye leoleo!"

"Yonas, siwezi kumtaja, na hilo ndilo linalonitesa toka tufunge ndoa. Mtaje wewe. Toa kitambulisho chako, usome majina yako yote. Polepole."

"Unanifanya mtoto?"

"Soma tu, mume wangu. Nakuomba."

Yonas akachomoa kitambulisho.

"Yonas," akasoma.

"Endelea."

"Yonas Safari..."

Akalitazama lile jina la katikati kana kwamba ndiyo kwanza limeandikwa. Safari. Baba yake. Katekista. Safari Akonaay.

"Ndiye huyo," mama mkwe akasema toka kwenye kigoda, na akacheka mpaka bangili zikalia.

"Kwetu," Doris akasema taratibu, "mwanamke akishaolewa, jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwake. Na neno linalofanana nalo pia halipiti. Mama hadi leo hajawahi kutaja jina la mkwe wake, baba mzazi wa baba yangu Gidamis. Mkwe wangu mimi kaitwa jina ambalo watu wanalisema kila siku, stendi, redioni, kwenye tiketi. Nifanyeje? Nakwepa. Namkwepa asubuhi, namkwepa mchana."

"Ndiyo maana husemi 'safi'?"

"Hilo nalo limo."

"Sasa wagonjwa unawaambiaje habari za usafi?"

"Nawaambia wawe na mikono isiyo na uchafu, wanywe maji yaliyochemka. Wenzangu wananiambia siku hizi nimekuwa na maneno mengi."

Yonas hakujua acheke ama alie. Lile jiwe lililomkaa kifuani tangu jana likaanza kuyeyuka, lakini swali moja lilibaki.

"Kwa nini hukuniambia, Doris? Mimi si mume wako?"

Doris akaokota shuka, akalikung'uta, akajibu bila kumtazama.

"Siku ya harusi rafiki zako walikuuliza, 'Umeoa Mbarbaig, mila zao utaziweza?' Ukawajibu, 'Huyu wangu kasoma, mambo ya porini hana.' Mkacheka. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika sahani yako ya pilau."

Yonas alikumbuka. Alikumbuka hata kicheko chenyewe. Alitamani bodaboda irudi imchukue.

"Nilisema hivyo," akakubali.

"Ulisema. Nikajiambia, basi nitamheshimu baba yako kimyakimya, nisikuaibishe mbele ya watu."

"Mimi ndiye niliyejiaibisha. Nisamehe, mke wangu. Nisamehe na wewe, mama. Baba yangu dada zangu wenyewe wanamwita 'huyo mzee.' Wewe unambebea jina kama yai, na mimi nakuja hapa kukutukana."

Mama mkwe akapunga mkono.

"Yamekwisha. Mtu aliyekuja kwa hasira toka Mbulu mpaka Dirma, huyo anapenda. Mpe maji, Doris."

Doris akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akamshika mkono amkaribishe ndani, kisha akausimamisha mkono ule hewani.

"Pete iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Mfukoni."

"Inafanya nini mfukoni, Yonas?"

"Ilikuwa... inapumzika."

"Basi imeshapumzika. Ivae."

Akaivaa haraka mpaka akajikwaruza kidole. Halafu, bado kasimama mlangoni, akapiga simu.

"Clement, zile tiketi ulizifuta?"

"Kaka, nakujua. Sikugusa kitu."

"Mungu akubariki! Na ukimpigia mke wangu tena usimuulize habari za hilo neno. Sema 'mwendo.' Mwendo wa Tanga."

"Mwendo?"

"Mwendo, ndugu yangu. Nitakueleza."

Jioni ile walipanga upya. Yonas mwenyewe alisema mji wa Tanga wataupita tu. Wafikie Ushongo kwanza, Doris akaloweshe miguu, miji itafuata baadaye.

"Na magorofa yako?" Doris akamtania.

"Magorofa hayana haraka. Hayahami."

Siku ya kuondoka, baridi ya Mbulu ilikuwa inauma masikio. Katekista alikuja stendi kuwasindikiza na koti lake zito. Yonas alikuwa ameshamweleza kila kitu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Doris akamwinamia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti yangu. Haya, nawatakieni sa..."

Mzee akakatiza. Akaanza upya.

"Nawatakieni mwendo mwema."

Loveness, aliyebeba kapu lao la chakula, akaangua kicheko.

"Baba! Na wewe unakwepa jina lako mwenyewe?"

"Kama huyu analitunza namna hiyo," mzee akasema, "mimi ni nani nije nilitupetupe stendi?"

Doris machozi yakamlengalenga. Akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, kisha akapanda basi.

Clement akapiga bodi ya basi kwa kiganja. "Haya, abiria wa safari ya..." Akamwona Yonas dirishani anamkazia macho. "Abiria wa mwendo wa Tanga, tunaondoka!"

Abiria wakatazamana. Doris akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Gari lilipoanza kupanda kuelekea Karatu, Yonas akamsogelea sikioni.

"Doris, nakuuliza mara ya mwisho. Unaitaka ama huitaki?"

"Naitaka."

"Unaitaka nini? Sema."

Doris akamlalia begani, akavuta khanga iwafunike wote wawili.

"Baba simtaji," akanong'ona. "Mtoto wake ndiye ninayemtaka."

Yonas hakuuliza tena mpaka walipofika baharini.