Migongo Arobaini

Kerengende mia mbili na kumi walitoka kwenye sanduku kwa mpigo mmoja, wakapaa juu ya mafunjo, kisha wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Usidhani ni wale wadudu wa kisimani. Hawa walikuwa wa bati jepesi na kioo, kila mmoja mdogo kuliko kidole gumba, na kila kichwa kilikuwa na jicho moja la kupigia picha. Huyu anapiga mbele, yule nyuma, yule juu, na mashine iliyo mapajani kwa mwenyewe inazishona picha zote kuwa moja, hata mtazamaji aweze kulizunguka jambo atakavyo, asimame popote anapotaka.

Mwenyewe aliitwa Nyamizi, mtengenezaji wa filamu za hali halisi. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye tuta la jaruba la mpunga, tope hadi magotini, katika kijiji ambacho sitakitaja. Usinikasirikie. Ukifika mwisho utajua mwenyewe kwa nini nimefunga mdomo.

"Njoo basi," alinong'ona. "Njoo, usinitie aibu."

Naye akaja. Alitokea upande wa kinamasi, mkubwa, wa kijivu, akatua kwenye maji ya kina kifupi kwa utulivu wa mtu anayeingia msikitini. Alikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la nne, na mdomo mpana uliovimba kama kiatu cha mbao. Vitabu humwita korongo-nyangumi. Vitabu hivyohivyo vilikuwa vimeandika kwamba ndege huyo alikwisha toweka katika kinamasi chote kile miaka mingi iliyopita. Sasa huyo aliyetoweka vitabuni alikuwa hapa, anajikuna ubavu.

Nyamizi alishika mdomo asipige kelele. Moyo ulikuwa unamwenda mbio. Halafu akatazama vizuri kioo cha mashine yake, na furaha ikaanza kumpungua. Nyuma ya ndege, juu ya matuta, walikuwa wamekaa watu wa kijiji kama arobaini hivi, wazee kwa vijana, na wote, bila kubakiza hata mmoja, walikuwa wamempa ndege mgongo.

"Ala! Hawa nao wana nini?" alisema.

Hapo sina budi kukueleza habari ya Hakika, maana bila Hakika hutaelewa kwa nini migongo ile ilimuuma Nyamizi. Miaka hiyo mashine zilikuwa zinatengeneza filamu zenyewe. Ukitaka simba anayecheza bao, unasema tu, na kabla hujamaliza kikombe cha chai unaye, na manyoya yake yanapeperuka. Watu wakaacha kuamini macho yao. Ndipo likaundwa Baraza la Uthibitisho, na Baraza likaiunda Hakika, akili mnemba ya kupima ukweli. Filamu ikipita kwa Hakika hupewa muhuri. Isipopita, hupigwa mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, na neno BANDIA juu yake, popote duniani itakapoonyeshwa.

Hakika ilitaka kujua mahali jambo lilipotokea, na saa, na ilitaka macho ya mashahidi watatu. Macho yenyewe, si maneno. Shahidi huvaa miwani maalumu, na miwani husoma kile ambacho jicho lake bado linakikumbuka.

Na mahali pale hutangazwa. Hilo ndilo lililokuwa na walakini. Mwaka mmoja kabla ya hapo heroe mweupe alipewa muhuri katika ziwa moja la kaskazini, na siku ya pili tu kerengende elfu tisa wa kukodi walikuwa juu ya kiota chake, wametumwa na watu waliokaa sebuleni kwao. Heroe aliyaacha mayai. Hakuonekana tena. Nyamizi aliijua habari hiyo, ila alikuwa na yake moyoni, na ya moyoni ilikuwa na nguvu zaidi.

Mama yake, Bi Kalunde, alikuwa askari wa wanyamapori. Miaka ishirini na sita nyuma alirudi nyumbani na picha ya korongo-nyangumi, akaipeleka kwa Baraza. Baraza likaikataa. Ikapigwa mstari mwekundu, magazeti yakacheka, na Bi Kalunde akavuliwa kofia na sare kwa kosa la kughushi. Shuleni Nyamizi aliitwa mtoto wa Bi Bandia mpaka alipomaliza kidato cha nne. Aliapa siku moja ataleta ndege mwenye muhuri, aiweke picha mbele ya wote waliocheka, na mama yake atembee mtaani kichwa juu. Kwa ajili hiyo alitawanya masikio mia tatu ya mashine katika vinamasi vya magharibi, akasikiliza miaka miwili, mpaka sikio moja likanasa mlio wa mdomo unaogonga: ta-ta-ta-ta, kama mtu anayegonganisha vibao viwili.

Sasa ndege yupo, na mashahidi wamegeuka!

Alimwendea Bi Evodia, mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Bi Evodia naye alikuwa amekaa kwenye tuta, amempa ndege mgongo, anachambua mchicha.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mama, mbona hamumtazami?"

Bi Evodia alimwangalia kana kwamba ameulizwa mbona hajavua nguo sokoni. "Nani? Mkwe?"

"Ndege."

"Huyo ni Mkwe. Anakuja maji ya kwanza yakijaa, anakaa siku kumi na mbili, anaondoka. Sisi tunafunga mlango wa mfereji, maji yanashuka, kambare wanabaki kwenye dimbwi. Tumemtengea hivyo. Sasa wewe kwenu mkwe akitengewa chakula, mnamkodolea macho?"

Kando yake mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mjini wanakodoa, Evodia. Mjini hawana haya."

Nyuma yao mdomo ukagonga, ta-ta-ta-ta. Palepale watu wote arobaini wakainamisha vichwa na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, kama wanavyosalimiana wakubwa wa huko. Hakuna aliyegeuka. Nyamizi alijikuta naye amepiga makofi, akaona haya, akaificha mikono.

Alijaribu miwani hata hivyo. Watu walikubali kwa furaha, wakagombania zamu, wakacheka walipoona ndani ya kioo yale yaliyomo machoni mwao. Yalikuwemo maji, na mchicha, na sura ya jirani akipiga miayo. Kwa mmoja ilikuwemo ncha ya bawa. Kwa mwingine mguu mmoja mrefu.

"Haitoshi, Bi Nyamizi," ilisema Hakika kutoka kwenye mashine, kwa ile sauti yake ya upole isiyochoka. "Shahidi awe amemwona ndege mzima kwa muda wa dakika moja. Nahitaji mashahidi watatu."

"Na mimi niliyepiga picha?"

"Mwenye filamu si shahidi wa filamu yake."

"Wana masikio! Kila mmoja hapa anamjua kwa sauti tangu utotoni!"

"Sauti hutengenezwa kwa urahisi kuliko picha. Samahani."

Nyamizi aliifunga mashine kwa hasira, akarudi kwa Bi Evodia, akapiga magoti kwenye tope. Hakuona haya tena. "Mama, nakuomba. Watu watatu tu. Wageuke dakika moja, basi. Si kwa ajili yangu. Mama yangu alimwona ndege huyu, akasema kweli, wakamwita mwongo. Ameishi hivyo miaka ishirini na sita. Nataka kumsafisha jina kabla hajafa."

Bi Evodia aliacha mchicha. Alimtazama Nyamizi usoni, pole pole, paji la uso, pua, kidevu.

"Mama yako ndiye yule wa kofia ya kijani?" aliuliza. "Kalunde?"

Nyamizi aliitikia kwa kichwa.

"Jamani! Mtoto wa Kalunde!" Bi Evodia alipaza sauti, na vichwa vikageuka tuta zima, kila mtu akimtazama Nyamizi wala si ndege. "Mwanangu, mbona hukusema? Mama yako alikaa hapo ulipopiga magoti. Aliomba kutazama, tukamruhusu, maana mgeni hajui. Akapiga picha yake, akaondoka anaruka kwa furaha. Wiki moja baadaye akarudi, hana kofia. Nikamuuliza, kofia iko wapi? Akasema, wameniuliza ni wapi, nimewaambia nimesahau."

"Nimesahau," Nyamizi alirudia.

"Askari wa pori, asahau njia! Hata mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema wakijua mahali, Mkwe hatarudi. Kisha akakaa akageuka kama sisi. Na tangu siku hiyo, kila maji yakijaa, tunapokea chumvi yake."

Chumvi! Nyamizi aliikumbuka chumvi hiyo vizuri. Kila masika mama yake alinunua mfuko wa chumvi ya mawe, akaushona kwa uzi mweusi, akaupeleka stendi. Ni ya wakwe zangu, alisema. Baba alikuwa akimtania, maana wakwe zake wote walikaa mtaa wa pili na hawakuwahi kuona hata punje. Nyamizi alikuwa akishika uzi mama anaposhona, na hakuwahi kuuliza zaidi.

Miaka yote alidhani mashine ilimkosea mama yake. Kumbe mashine iliuliza tu, na mama akachagua. Alikasirika, nisikufiche. Alikasirika kwa ajili ya kila siku aliyotoka shuleni analia na mama akampa ugali bila neno.

Bi Evodia alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga. "Kalunde amebeba mzigo wetu muda mrefu," alisema. "Hatukujua una uzito huo. Kama unataka tumtue, mimi nitageuka. Na huyu mzee atageuka. Na dada yangu. Mkwe atatusamehe au hatatusamehe, hayo ni yetu. Sema tu."

Mzee aliyecheka aliivua kofia, akaishika kifuani. Hakuwa anacheka sasa.

Nyamizi alichukua simu, akasogea kando, akampigia mama yake.

"Mama, niko kwa wakwe zako."

Halafu sauti ya kizee ikauliza, "Chumvi ilifika?"

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa mtoto. Walikuwa wanakuumiza kule shule. Ungewatajia mahali ili wakuache, na nisingekulaumu."

"Na nilipokuwa mkubwa?"

"Ulipokuwa mkubwa ulikuwa na hasira. Niliogopa hasira yako kuliko Baraza." Mama alikohoa. "Umemtazama?"

"Nimemtazama."

"Mzuri?"

Nyamizi aliangalia kule kwenye maji. Ndege alikuwa amesimama mguu mmoja, ametulia. "Mzuri sana, mama. Watu watatu wako tayari kugeuka. Nikisema neno, jina lako linasafishwa leo hii."

"Kwao wale jina langu ni safi," alisema Bi Kalunde. "Kwako je?"

Nyamizi alilia, na mama akamsubiri mpaka akamaliza.

Aliporudi alimtikisia Bi Evodia kichwa, akamshika mkono, akamrudisha kwenye mchicha wake. Akawaita kerengende wote wakae nyuma ya watu, mbali na ndege, wakiielekea migongo yao. Akafungua mashine.

"Bi Nyamizi," ilisema Hakika, "tuendelee. Taja mahali."

"Nimesahau."

"Kerengende wako wanapajua. Wanangoja ruhusa yako tu."

"Nimesahau, Hakika. Na wao nawasahaulisha sasa hivi." Akabonyeza, na njia zote mia mbili na kumi zikafutika, pamoja na picha za asubuhi ile, ndege mzima kutoka kila upande.

Filamu iliyotoka ni ya dakika ishirini na tisa. Huoni ndege hata mara moja. Unaona watu wakimfungia mfereji mgeni wao, wakikaa, wakigeuka, na unasikia ta-ta-ta-ta, kisha makofi. Mstari mwekundu unaikata kutoka mwanzo hadi mwisho, BANDIA, na waliocheka zamani wakapata tena la kucheka: mtoto wa Bi Bandia naye kaiga!

Siku ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Nyamizi aliitazama nyumbani na mama yake, sebuleni, chai mezani. Bi Kalunde alitazama, macho kwenye ile migongo arobaini, akitaja majina aliyoyatambua. Mdomo ulipogonga akapiga makofi. Kisha maji ya mfereji yakaanza kushuka, na kambare wakasikika wakipapatika dimbwini.

Bi Kalunde aliinuka kwa shida, akakishika kiti chake, akakigeuza kikaelekea ukutani, akaketi.

Nyamizi akageuza cha kwake, wakakaa hivyo mpaka Mkwe akamaliza kula.