Siku Tatu Kileleni kwa Mbawakavu

Tawi lilikatika kwa kishindo, likaikumba ngazi ya kamba na kuondoka nayo. Dhoruba ilipotulia, mtaalamu wa wadudu alijikuta peke yake juu ya mbao nne zilizofungwa kileleni mwa mti, mita thelathini kutoka ardhini.

"Shemeji! Uko hai?"

"Nipo," mume wa dada yake alijibu kutoka chini. "Tawi limenivunja mguu. Dumu la maji limepasuka, na redio imelowa, haisemi kitu."

Mtaalamu huyo alikuwa mama wa miaka hamsini na sita. Karibu thelathini aliimaliza katika chumba kinachonuka naftalini, akichoma pini mbawakavu waliokufa, walioletwa na wengine. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuwafuata kwao. Shemeji, fundi wa nguzo za umeme, ndiye aliyempandisha.

Turubai lake huko juu lilikuwa limekinga maji ya mvua. Alijaza chupa, akaiteremsha kwa uzi. Uzi ukaisha, chupa ikaning'inia juu, majeruhi asiifikie. Akachana wavu wake wa kunasia wadudu, akaunga.

"Imefika!"

"Kunywa kidogo kidogo. Kisha funga mguu na vijiti viwili, usikaze sana."

Siku ya pili homa ilimpanda shemeji. Akawa anasinzia katikati ya maneno.

"Usilale!"

"Basi nisimulie. Unaona nini huko?"

Kwenye shina, mbawakavu wa kijani alikuwa akibandua gome kwa pembe yake. Mtaalamu alimjua; yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwamba pembe ile ni ya kupigania majike.

"Anafungua gome kama kopo. Utomvu unatoka... lakini hanywi! Anarudi nyuma."

"Anamwachia nani?"

"Jike, yuko pembeni. Anasita."

"Mwoga huyo. Enhe?"

Jike akaruka zake. Alfajiri ya siku ya tatu akarudi, na simulizi ikaendelea, mpaka walinzi wa msitu, walioliona gari la wawili hao barabarani, wakatokea na kamba.

Hospitalini, dada mtu alimpokea kwa ukali. "Nilikuazima mume mzima, umenirudishia nusu!"

Mama wa watu akainamisha kichwa, akitafuta maneno ya kuomba radhi. Shemeji, mguu umepigwa plasta, akamtangulia.

"Hebu niambie. Yule jike, mwishowe alikunywa?"

"Sijui. Walinishusha kabla."

Shemeji akaitazama plasta, kisha mkewe, kisha shemejiye.

"Daktari kasema miezi mitatu," alinong'ona. "Tafuta kamba nzuri zaidi."