Tela Linaloinuka kwa Mkono Mmoja

Mume wangu anafyatua matofali ya saruji nyuma ya nyumba. Mimi nayamwagilia maji asubuhi na jioni, na wateja nawapokea mimi, maana yeye hana mdomo wa biashara. Ana mikono ya kazi na kichwa kigumu kama matofali yenyewe. Nasema hivi nikiwa nampenda.

Tuna pikapu moja. Kwa miezi miwili aliifungua na kuifunga pale uani. Aliongeza mabamba mawili kwenye springi za nyuma, ili gari lisikae chini likibeba mzigo. Akachomelea kiungo cha kuvutia tela kwenye bampa. Tela lenyewe alilitengeneza kwa ekseli ya gari bovu, ule mhimili unaoshika magurudumu.

Jumapili moja tukapakia matofali mia moja, karibu tani mbili.

"Mbona yote umeyarundika nyuma ya tela?" nilimuuliza.

"Ili pikapu isilemewe. Tena kupakua kunakuwa rahisi. Hebu tazama."

Akashika shingo ya tela, ule mkono wa chuma wa mbele, akaiinua kwa mkono mmoja.

"Unaona ilivyo nyepesi?"

Alikuwa amefurahi kweli. Nikapanda gari.

Njia yetu ina mteremko mrefu. Chini yake kuna kivuko cha watoto wa shule. Siku hiyo shule imefungwa, barabara tupu, na ndiyo pona yetu.

Katikati ya mteremko nilihisi kitako cha gari kinasukumwa kushoto, kisha kulia. Nikatazama kioo. Tela lilikuwa linayumba, upande huu, upande ule.

"Baba watoto, tela."

"Naliona."

Akakanyaga breki. Likazidi. Matofali yakaanza kuanguka barabarani. Nilishika mlango, nawafikiria wanangu walioko nyumbani. Niliogopa, sifichi.

Mwisho mume wangu aliachia breki, akaiingiza pikapu kwenye mchanga wa kando. Magurudumu yakazama, tukasimama. Nilipogeuka, kivuko kilikuwa nyuma yetu. Tulikuwa tumekipita kwa hatua kumi.

Pale kivukoni kuna banda la fundi mmoja mwanamke. Ametengeneza breki miaka mingi hata jina lake halisi limesahaulika, watu wanamwita Mama Breki. Alikuja mbio na mawe mawili, akayaweka mbele ya magurudumu. Pole hakutupa.

"Shemeji, hili tela lina breki?"

"Pikapu inazo," mume wangu alijibu.

"Nimeuliza tela."

Mume wangu akatikisa kichwa. "Halina."

Mama Breki akalala chini, akachungulia. "Shoga, njoo uone."

Niliona. Pale palipochomelewa pamepasuka, na bampa limeachana na gari, kidole kinapita.

"Bampa halikuwekwa kuvuta mizigo," alisema. "Kiungo cha tela kinafungwa kwenye chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, kwa bolti nene."

"Lakini springi nimeongeza," mume wangu alisema.

"Springi zinazuia gari lisikae chini. Basi. Breki ni zile zile, injini ile ile, matairi yale yale. Kibati cha uzito kiko wapi?"

Akafungua mlango wa dereva. Kibati kilikuwepo, ila fundi wangu wa nyumbani alikuwa amekipaka rangi. Mama Breki akakwangua kwa msumari.

"Hapa waliotengeneza gari wameandika uzito usiozidishwa. Na kitabu cha gari kinasema linaweza kuvuta kiasi gani. Kitafute ukisome. Sasa chomoa tela, uinue shingo."

Mume wangu akalichomoa, akainua shingo kwa mkono mmoja.

"Hiyo ndiyo iliyotaka kuwaua," Mama Breki alisema. "Mzigo ukilala nyuma, shingo inapaa, tela linayumba. Zaidi kidogo ya nusu ya mzigo ikae mbele ya ekseli. Katika kila kilo kumi za tela na mzigo wake, kilo moja hivi iilalie pikapu. Ikiwa shingo inainuka kwa mkono mmoja, usiondoke nyumbani."

"Na likianza kuyumba njiani?" niliuliza.

"Dereva atoe mguu kwenye mafuta. Ashike usukani sawa. Asikanyage breki za gari kwa nguvu, zinalifanya lisukume zaidi. Mwendo utapungua wenyewe. Na mteremko unaushuka kwa gia ndogo tangu juu."

Nilidhani yamekwisha. Mume wangu akasema, "Mteja anasubiri kesho. Nitapanga upya, nitaenda polepole. Safari moja tu."

Hapo damu ilinichemka.

"Kesho ni Jumatatu," nilimwambia. "Watoto wetu wanavuka hapa. Breki za tela huna, kiungo kimepasuka. Ukitaka kupita nalo, utanipitia mimi kwanza."

Alinitazama, akatazama kivuko, akakaa chini kwenye mchanga.

"Nilidhani najua," alisema.

Mteja nilimpigia simu mimi.

Kazi ilichukua wiki mbili bandani kwa Mama Breki. Kiungo kikafungwa kwenye chesisi. Tela likawekewa breki zake, zinazojishika zenyewe kila pikapu inapopunguza mwendo. Minyororo miwili ikapishanishwa chini ya shingo, ili kiungo kikikatika, shingo isidondoke barabarani. Taa za nyuma zikawekwa. Kisha mkaguzi wa magari akalipima, akaandika uzito wa mwisho kwenye karatasi. Mume wangu akaibandika ndani ya gari. Mzigo wa safari moja ukawa wa safari mbili.

Jumatatu ya baada ya ukaguzi, asubuhi, tulishuka na matofali hamsini, gia ya pili, tela limetulia. Tulipokaribia chini, mlinzi wa kivuko akainua mkono. Watoto wameshaingia barabarani.

Mume wangu akakanyaga breki. Nilijikaza, nikingoja kusukumwa kutoka nyuma. Sikusukumwa. Tulisimama kabla ya mstari.

Watoto wakavuka wakipiga soga, na wetu wawili wamo. Mdogo alikuwa akifunga kamba ya kiatu katikati ya barabara, hana haraka na mtu. Hakugeuka hata kututazama.

Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili mpaka wa mwisho alipofika ng'ambo. Kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati, akatia gia. Siku hiyo sikumtania.