Kimya Alichokijenga Mishari

Majirani zangu, na nyinyi msio majirani zangu lakini mna mama nyumbani, nipeni masikio yenu kidogo niwasimulie habari ya nyumba iliyopakana na yangu hapa Kaifan, mtaa wetu wa Kuwait. Simsengenyi mtu. Mwenyewe Mishari ndiye aliyeniambia, "Mama Ghanim, waambie wote, wala usinifichie kitu." Basi simfichii.

Ilikuwa nyumba ya raha ile. Kila asubuhi, watu wakishakwenda makazini, nilikuwa navuka kwenda kunywa chai kwa Lulwa, mamake Mishari. Tuliketi zuliani na birika la chai ya maziwa yenye zafarani, tukichambua harusi za watu mpaka jua linapanda. Lulwa alikuwa mjane, mnene, magoti mabovu, na kicheko chake kilifika barabarani. Kwa sababu ya hayo magoti alihamishiwa chumba cha chini, ukuta kwa ukuta na baraza ya wanaume, kile chumba cha kupokelea wageni.

Baraza hiyo aliiacha marehemu mumewe, Barrak. Mlango wake ulitazama barabara, na tangu alasiri ulikuwa wazi. Mtu alipita, akatoa salamu, akapewa kahawa na tende, akapiga soga, akaenda zake. Sisi wanawake huku ndani tulijua dunia inakwendaje kwa kusikiliza vicheko vyao ukutani. Hata siku Lulwa alipoteleza bafuni, ni wanaume wa barazani waliomsikia wakamwita mkwewe, mke wa Mishari, aje amwinue.

Barrak alipofariki, baraza ikawa ya Mishari, mwanawe wa pekee. Mishari hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu najua mkishasikia yote mtataka kumpiga mawe. Ila alikuwa na penzi moja, na kipenda roho hula nyama mbichi. Mishari alipenda filamu, wala si hizi za kwenye simu. Yeye alipenda diski.

"Mama Ghanim, hizo mnazotazama mtandaoni ni maziwa yaliyotiwa maji," aliniambia asubuhi moja, akinishikisha kasha la chuma lililonakshiwa. "Wanaikamua filamu ndipo ipite. Giza linakuwa madoa madoa, sauti inakonda. Halafu wakiamka kesho wakaamua kuiondoa, wanaiondoa, na wewe umeshalipa. Diski ni yako. Iko mkononi mwako, hakuna wa kukunyang'anya."

"Na ukifa?" Lulwa akamchokoza.

"Atarithi mwanangu."

"Masikini mjukuu wangu! Wenzake watarithi viwanja, yeye atarithi visahani."

Tulicheka, na Mishari alicheka zaidi yetu. Siku ile alimshika mamake mkono akampeleka barazani, akamkalisha katikati ya zile spika zake, nyingine mbele, nyingine nyuma, nyingine juu darini. "Fumba macho, mama. Sikia mvua." Nami nilikuwapo. Mvua ilianza nyuma yetu, ikasogea, ikatupita juu ya vichwa. Lulwa alipeleka mkono kwenye shela lake kuangalia kama limelowa. Mishari alimbusu kipaji cha uso huku macho yamemjaa machozi. Nasema kweli, niliona fahari kwa niaba ya rafiki yangu kuwa na mtoto kama huyo.

Kumbe penzi hilo lilikuwa na tumbo lisilojaa.

Kwanza aliwanyamazisha wageni. Wanaume walikuja barazani kuzungumza kama desturi, Mishari akawawekea filamu, na kila aliyefungua kinywa aliinuliwa kidole. Mume wangu alirudi siku moja amenuna.

"Baraza gani hii, mtu akikohoa anaangaliwa kama mwizi?" alisema Baba Ghanim. "Nimeomba kahawa kwa ishara, kama bubu!"

"Si urudi kesho umwambie?"

"Nimwambie saa ngapi, na kuongea ni marufuku?"

Hakurudi, na wenzake hawakurudi. Mishari hakusikitika hata kidogo. Aliona amepata nafasi. Akaziba madirisha ya baraza kwa matofali. Akajenga ukuta wa pili ndani ya ukuta wa kwanza, katikati akashindilia sufi nzito, juu yake akabandika sponji nyeusi pande zote. Mlango wa barabarani na ule wa kuingilia kutoka ndani ya nyumba akaiweka ya mbao nene iliyozungushiwa mpira. Kengele ya nyumba akaikata. Viti vya kulalia akavikaza sakafuni kwa skrubu, safu kwa safu, vyote vikitazama pazia jeupe la kuonyeshea filamu. Simu haikuruhusiwa ndani. Iliachwa kwenye kikapu nje ya mlango wa ndani. Aliniambia chumba kizuri cha filamu ni kile ambacho ukikaa kimya unasikia damu yako mwenyewe.

Ilibaki sauti moja tu ya kumkera, nayo ni kiyoyozi. Mtambo mmoja wa juu ya paa ulipoza orofa yote ya chini, baraza na chumba cha mamake pamoja. Mishari alikuwa na kazi yake ya kupima sauti: anasimamisha maikrofoni kwenye kiti chake, spika zinalia moja moja, mashine inasahihisha. Wakati wa kupima hakutaka hata mvumo. Kwa hiyo alikuwa anauzima mtambo, anapima, anauwasha. Robo saa, wakati mwingine nusu. Nyinyi mnaijua Kuwait ya mwezi wa nane. Nusu saa bila kiyoyozi, chumba kinachochomwa na jua la magharibi kinageuka tanuri.

Mkewe, Anfal, alimkanya mbele yangu. "Mishari, mamako ana presha. Mnunulie basi kiyoyozi kidogo cha dirishani, kiwe chake."

"Kitatetemesha ukuta, Anfal. Maikrofoni itakisikia."

"Maikrofoni itakisikia! Na mamako nani atamsikia?"

"Ni dakika chache tu. Mama mwenyewe halalamiki. Eti mama?"

Lulwa alikuwa anajipepea kwa ncha ya shela. "Mwacheni mwanangu," alisema. "Wa wenzangu wako kwenye ulevi na mbio za magari. Wangu yuko nyumbani, najua alipo." Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Ilinichoma, lakini mama ndiye aliyekwisha sema.

Basi ikafika alasiri ile. Anfal alikuwa amewapeleka watoto kwao kwa chakula cha mchana, na msichana wa kazi alikuwa likizo kwao. Mishari na mamake walikula wali na samaki, Lulwa akaenda kujinyoosha. Asubuhi hiyo Mishari alikuwa amepokea diski aliyoisubiri kwa miezi, filamu ya zamani iliyosafishwa upya picha na sauti. Yanayofuata ameniambia mwenyewe. Aliweka simu kikapuni, akafunga mlango, akazima mtambo, akapima. Sauti zilikaa sawa kuliko siku zote. Akasema, ngoja nijaribu mwanzo tu, kabla sijawasha. Mwanzo ulikuwa wa kimya, mwanamke anapanda ngazi, na Mishari alisikia nguo yake ikichakarika ukutani. Hajawahi kusikia kitu kama kile. Akasema, nitawasha baada ya onyesho hili. Kisha lile linalofuata. Chumba chake, kwa zile kuta nene, kilitunza ubaridi muda mrefu. Na jasho lilipoanza alivua kanzu, akaendelea. Mtambo akausahau, akamsahau na mama.

Mimi nilivuka baada ya swala ya alasiri na keki ya iliki niliyomwokea Lulwa. Nilibonyeza kengele, nikakumbuka imekatwa. Nikagonga mlango wa nyumba. Nikazunguka nikagonga wa baraza, nikajiumiza mkono bure. Gari la Mishari lilikuwa nje. Nilipiga simu ya Lulwa, nikaisikia ikilia ndani, haipokelewi. Nilimpigia Anfal, akaja mbio na ufunguo.

Tulipofungua, joto lilitupiga usoni. Lulwa alikuwa chini, chumbani kwake, ameegemea ukuta wa baraza, kiganja kimoja kikiwa bado ukutani. Shela lilikuwa limeanguka, nywele zake nyeupe zimelowa. Simu ilikuwa mapajani, na kwenye kioo lilikuwa jina la mwanawe, alilolipiga tena na tena. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto, lakini yeye hakuwamo. Rafiki yangu wa miaka yote hiyo, mwenye kicheko cha kufika barabarani, alikufa akigonga ukuta kwa kiganja.

Anfal alikimbia barazani, nami nyuma yake. Alifungua ule mlango mzito wa ndani. Ndani kulikuwa giza, na muziki mtamu wa vinanda. Mishari hakugeuka. Aliinua kidole.

"Shh," alisema. "Bado kidogo tu. Imebaki sehemu ya mwisho."

"Mishari," alisema Anfal. "Mama."

Msiniambie niwasimulie alivyolia, siwezi.

Kwetu rambirambi za wanaume hupokewa barazani, siku tatu. Wafiwa husimama karibu na mlango, wanaoingia huwapa mkono mmoja mmoja, kisha huketi kuzunguka kuta, wakitazamana na kumtaja marehemu kwa mema. Mishari hakuwa na baraza nyingine. Watu walikuja, wale wale walioinuliwa kidole, kwa sababu kifo hakisusiwi. Wakaketi kwenye viti vilivyokazwa kwa skrubu, safu kwa safu, wakitazama pazia tupu. Hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Baba Ghanim aliniambia kuwa hata Kurani iliposomwa, sauti ya msomaji ilikuwa inamezwa na zile sponji kabla ya kufika safu ya nyuma. Mtu alimwambia Mishari, kama tunavyowapa pole wafiwa, "Mungu akukuzie ujira," na Mishari, akiwa hatua mbili tu, akamwomba arudie.

Siku ya tatu wanaume walipoondoka, aliniita. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo, na macho mekundu.

"Mama Ghanim, naomba ukae kwenye kiti changu. Nitafunga mlango. Nisubiri."

"Unataka nini, mwanangu?"

"Kaa tu, mama."

Nikakaa. Ukimya wa chumba kile uliniogopesha. Kweli nilisikia damu yangu. Nilisubiri, nikasoma dua zangu, nikasubiri. Kisha mlango ukafunguka. Mishari alikuwa amesimama hapo, anahema, viganja vyote viwili vimechubuka.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Nilikuwa chumbani kwa mama. Nimepiga ukuta kwa mikono yote. Nimekuita kwa jina, nimepiga kelele. Hukusikia hata kidogo?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini sikujua jibu lipi lingemponya: kwamba nilisikia, au kwamba sikusikia.

"Sikusikia kitu, Mishari."

Akakaa sakafuni, mgongo kwenye sponji. "Basi mafundi walifanya kazi nzuri," alisema. "Ndivyo nilivyowaagiza."

MAFUNZO

Ndugu zangu, kupenda filamu si dhambi, na sauti nzuri ni neema ya Mungu. Lakini starehe yoyote inayomtaka mtu wa nyumbani kwako ateseke kimya ili wewe ufurahi, hiyo imekwisha kuwa ulevi, hata kama huinywi. Mlevi wa pombe mtamwona akiyumba. Huyu hamtamwona, yuko nyumbani, mstaarabu, mamake anamsifu.

Pili, msifunge baraza zenu. Mnadhani wale wazee wanakuja kumaliza kahawa yenu tu? Wale ndio masikio ya nyumba. Baba yake Mishari hakuwa na hata spika moja, na katika siku zake hakuna mtu aliyeanguka ndani ya nyumba ile asisikiwe.

Tatu, na hili nawaambia kina mama wenzangu: mtoto akikuumiza, sema. Usijipepee kwa shela ukasema mwacheni. Lulwa alimpenda mwanawe hata akamnyima neno moja, kwamba anaumwa na joto. Alipokuja kulisema, alilisema kwa ukuta.

Mishari amezibandua sponji zote kwa mikono yake, na mlango wa barabarani uko wazi tangu alasiri. Diski ziko makashani. Anakaa humo peke yake na birika la kahawa, na mtu yeyote akipiga kelele mtaani, hata mtoto anayecheza, anasimama na kuja mlangoni kuuliza nani ameita.