Firigisi ya Asiyeshiba

Roselyne aliiosha sahani ile mara tatu, kwa sabuni na kwa majivu, na bado ikanuka mahindi yaliyovunda.

Ilikuwa sahani nyeupe ya kawaida. Kila siku saa saba mchana mzee Hesbon Nyongesa aliandaliwa kuku, na kila siku aliagiza firigisi iwekwe peke yake kwenye sahani hiyo, mbele ya kiti kilichomkabili. Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Kwao Bungoma hata mtoto anajua kwamba firigisi ni ya mwenye boma, au ya mgeni ambaye mwenye boma ameamua kumheshimu kuliko nafsi yake. Sasa huyu aliyeheshimiwa hivi alikuwa nani? Roselyne akirudi kuondoa vyombo alikuta sahani imelambwa ikakauka, na ile harufu imetanda mpaka kwenye mapazia.

Alikuwa na miezi minne katika jiko lile la Kitale, na tayari alikuwa amemchoka mzee. Wanaosema matajiri wana raha waje wampikie mmoja. Mtu ana kinu cha unga, ana mashamba tangu Kitale hadi ng'ambo ya Webuye, redio inamwita bilionea kana kwamba ndilo jina alilobatizwa, halafu anaamka alfajiri kumfokea mlinzi kwa sababu ya balbu iliyoachwa ikiwaka. Anamaliza kuku mzima, anainuka mezani na uso wa mtu aliyeshinda na njaa.

Na sasa alikuwa ameitia macho nusu ekari ya mama yake Roselyne kule Bokoli. Nusu ekari! Ilikuwa imebaki katikati ya miwa yake, na nyumba ya mabati, migomba michache na kaburi la baba. Alituma wajumbe mara tatu. Mara ya tatu mama huyo, Wilkista, aliwapa chai, akasema, "Mwambieni mzee asante. Mimi nimeshiba." Mzee alipoletewa jibu hilo hakulala. Asubuhi alitangaza kwamba mwisho wa mwezi ataizungushia miwa yake seng'enge, na huyo mama atafute mabawa ya kumtoa nje.

"Unashangaa nini?" Kagwe, dereva, alimnong'oneza Roselyne jikoni. "Hiyo pesa si ya kawaida, bana. Kila mtu hapa Kitale anajua huyu mzee analisha jini."

"Na wewe mbona unamwendesha?"

"Si nitakula wapi?" Kagwe akachungulia mlangoni. "Lakini ukimpata akiwa poa, mwambie kuna ndugu yangu anatafuta kazi pale kinuni."

Roselyne alitamani kumpiga na mwiko. Ndivyo walivyokuwa wote. Kwenye vibanda vya chai walimwita mla watu, na gari lake likipita walisimama wakapunga mikono yote miwili.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha na stima zikapotea, taa zikazimika, saa saba kamili. Roselyne alipeleka chakula, akajifanya ameondoka, akabaki nyuma ya mlango na sinia mkononi. Mwanzoni alisikia mvua tu kwenye vigae. Kisha kiti kikavutwa, kile cha mbele, taratibu, kama anavyovuta kiti mtu ambaye hana haraka kwa sababu nyumba ni yake.

"Leo nimefikiria," mzee alisema, kwa sauti ndogo ambayo Roselyne hakuwahi kuisikia kwake. "Nimwachie yule mama. Nusu ekari ni nini? Tuseme inatosha."

Kukawa kimya, na ndani ya kimya kile kukaanza kutafunwa, polepole, kitu kigumu kikizungushwa kutoka shavu hadi shavu, na harufu ya ghala lililoingiwa na maji ikapenya chini ya mlango, ikampanda Roselyne miguuni, magotini, kifuani, hata akahisi anaimeza, naye akitaka kukimbia na miguu ikikataa, akitaka kumwita Yesu na ulimi ukikataa, mpaka kutafuna kukakoma na sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke ikasema neno moja tu.

"Bado."

Sinia ikamponyoka.

Mzee alifungua mlango. Hakufoka. Aliketi chini sakafuni, bilionea mzima, mgongo ukutani.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Siku redio iliponitangaza, nyumba hii ilijaa watu. Walikula, wakaniombea, na kila mmoja akiniaga ananong'oneza shida yake. Mke wangu alishaondoka. Watoto wako ng'ambo, wanapiga simu wakikwama tu. Kesho yake nikala peke yangu. Nikachukua firigisi nikaiweka pale mbele ya kiti kitupu, nikasema, kula wewe, wewe peke yako hutaki kitu kwangu." Alicheka bila furaha. "Ikaliwa. Tangu siku hiyo chakula hakifiki tumboni. Nanunua shamba, nalo halifiki. Halafu mama yako anasema ameshiba. Ameshiba nini? Ana nini ambacho mimi siwezi kununua?"

Roselyne alimwonea huruma, akajichukia kwa kumwonea. Lakini aliona mwanya pia. Jini likitoka, mzee atatosheka, na seng'enge haitafika mlangoni kwa mama yake.

Kwa hiyo ni yeye mwenyewe aliyemwita Jerono. Mama huyo aliuza mitumba sokoni, na ndiye aliyeitwa wachungaji waliposhindwa. Alikuja Jumamosi, akaziba pua tangu mlangoni, akakizunguka kile kiti mara moja bila kukigusa.

"Siwezi kumtoa," alisema. "Ulimpa firigisi kwa mkono wako, ukamfanya mwenye boma. Nitamfukuzaje mwenye boma kwake? Sasa ni wewe uliye mgeni hapa. Keti mezani, ule firigisi yako mbele yake, useme nimeshiba. Na iwe kweli. Ukidanganya atajua."

"Na nikishindwa?"

Jerono alikunja uso. "Atakaa. Ama siku moja mwenye boma mwingine ampe firigisi kwa hiari, ahamie huko. Lakini hiyo si dawa, mzee. Hiyo ni kumtupia mwenzako nyoka."

Roselyne aliona vidole vya mzee vikiacha kutetemeka. Alidhani ni amani imemshukia.

Wiki nzima mzee alijaribu. Alitia firigisi mdomoni jasho likimtoka, akasema "Nime," akakwama hapo, na kila alipokwama kile kiti kilisogea karibu yake zaidi. Ijumaa alimwambia Roselyne ajitayarishe waende Bokoli. "Nataka kumwomba mama yako msamaha," alisema. Roselyne alilia kwa furaha mpaka Webuye.

Bokoli nzima ilikuwa imejaa uani kwa Wilkista. Watu wale wale waliokuwa wakisema mzee anakunywa damu sasa walipiga vigelegele, kwa sababu alikuja na lori la sukari na ahadi ya barabara. Wilkista alimkaribisha kwa mulembe, salamu ya amani, na mikono miwili, akamtuma Roselyne jikoni nyuma ya nyumba kupika jogoo. Chakula kilipoiva mama mwenyewe alibeba sahani ya firigisi. Tangu mumewe afariki firigisi ya boma lile ilikuwa yake, kwa hiyo leo alikuwa akitoa cha kwake.

Roselyne alikuwa akiinama kuzima moto aliponusa mahindi yaliyovunda. Alikimbilia dirishani.

Mzee alikuwa kwenye kochi, na kando yake kulikuwa na kiti kitupu alichoomba kiwekwe.

"Asante, mama," alikuwa akisema. "Lakini niko na mwenzangu. Yeye ni mkubwa wangu. Tafadhali mpe yeye."

Wilkista alikitazama kiti. Alishangaa, ila hakuwa mtu wa kumhoji mgeni vituko vyake mbele ya watu. Akadhani ni mambo ya matajiri. Akaishika sahani vizuri, akapiga goti kidogo.

"Mayi! Mama, usimpe!" Roselyne alipiga kelele. Nje walikuwa wakiimba bilionea wetu, bilionea wetu, ngoma ikilia, na sauti yake ikazama humo kama haikutoka. Alisukuma watu, akakanyaga miguu, akashikwa mkono. "Ati wewe unataka nini?" mtu alimkaripia. "Tulia, usituharibie mgeni!" Alipofika mlangoni sahani ilikuwa imeshawekwa, na kiti kitupu kikalia chini ya uzito.

Mzee Hesbon alimega tonge dogo la ugali, akalichovya kwenye mchuzi, akalimeza. Machozi yakamtoka.

"Nimeshiba," alisema.

Alisimama akatangaza kwamba shamba ni la Wilkista, na seng'enge haitawekwa kamwe. Walimbeba mabegani. Alimpita Roselyne bila kumtazama.

Haukuisha mwezi, akaanza kugawa mashamba yake. Watu waliochukua walisema amerogwa, wakamcheka. Analala vizuri, Kagwe alisema kwa simu.

Roselyne alibaki Bokoli. Jumapili ya pili baada ya ugeni ule alirudi kutoka kanisani saa saba, akamkuta mama yake mezani na sahani mbili, akiyatazama kupitia dirisha mahindi ya jirani, kilimani ng'ambo ya miwa.

"Mayi, umekula?"

"Nimekula." Wilkista hakugeuka. "Roselyne, hii nusu ekari yetu si ni kidogo? Yule mjane wa hapo nasikia amekosa karo ya watoto. Nenda umuulize kama atauza."

Roselyne alimkimbilia. Alipiga magoti, akaishika mikono ya mama yake. Ilikuwa baridi.

"Mayi, sema umeshiba. Ulisema zamani, sema tena. Nakuomba, sema tu."

Wilkista alifungua mdomo. Alijaribu kweli, mishipa ya shingo ikamtoka, na macho yake yakajaa hofu ya mtu anayetafuta mlango gizani. Kisha hofu ikamwisha, akatabasamu, akamshika binti yake shavu.

"Bado, mwanangu."