Ngazi Tatu za Choo cha Wasichana

Wunpini aliamka alfajiri, akaoga, akavaa sare, kisha akakisukuma kando kikombe cha uji alichowekewa na mama yake. Alitia bajia mbili za kunde kwenye mkoba, akapanda baiskeli yake ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, akashika njia ya shule. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni. Mabega, hayo yalikuwa ya chuma. Pale Savelugu, mji wa kaskazini mwa Ghana, wavulana wa kumpita kwenye lami walikuwa wa kuhesabu.

Siku hiyo Madamu Azara, mwalimu wa hesabu, alisoma majina ya timu ya chemsha bongo ya wilaya. "Nahodha ni Wunpini," akasema, na darasa zima likalipuka kwa makofi.

Rafiki yake Suhuyini akamgonga bega. "Mazoezi kila siku, wiki tatu, nahodha. Safari hii usituletee ile malaria yako ya kila mwezi."

Wunpini alicheka naye. Lakini malaria hiyo haikuwapo.

Mazoezi yakaanza kwa moto. Wunpini alijibu maswali kabla Madamu hajamaliza kuuliza. Siku ya tano, katikati ya swali la sehemu, kichwa kikamzunguka, akaanguka juu ya dawati. Wakamkimbiza zahanati.

"Binti hanywi maji," nesi akasema baada ya kumpima. "Na ana maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa nini hunywi, mwanangu?"

"Sisikii kiu."

Madamu Azara akangoja nesi atoke. "Nimefundisha miaka kumi na tisa, Wunpini. Niambie lililo kweli."

Ndipo akasema. Choo kipya cha wasichana, chenye maji na komeo, kilikuwa na ngazi tatu. Choo cha walemavu kilikuwa upande wa wavulana, hakina mlango, kinatazama uwanja wa mpira. Basi alishinda bila kunywa kitu, na siku zake za mwezi zilipofika alibaki nyumbani akisingizia homa.

Madamu akasogeza kiti karibu naye. "Nami napita pale kila siku. Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Utayasema haya?"

"Mbele ya wanaume wote wale?"

"Ukitaka nitasema mimi. Lakini anayejua ni wewe."

Jumamosi ukumbi ulijaa, na Madamu Azara akaleta mbele suala la vyoo. Mkuu wa kamati ya wasichana, Mama Fati, alisema wao walishajenga choo cha wasichana. Mzee Alhassan, mwenyekiti wa chama cha walemavu, ambaye haoni, alisema wao nao walishajenga cha walemavu. Wunpini akasogeza baiskeli yake mbele.

"Nawashukuru, wazazi wangu. Lakini mimi sina siku ya kuwa msichana na siku ya kuwa mlemavu. Nikiamka ni vyote viwili. Choo kimoja kinanizuia kwa ngazi, kingine kinanivua heshima."

Mtu akacheka huko nyuma. Mzee Alhassan akagonga fimbo sakafuni. "Anayecheka aje hapa anieleze kinachochekesha." Kisha akawageukia wazazi. "Kamati yetu ni wanaume saba. Hatukumuuliza msichana hata mmoja. Kosa ni letu."

"Na sisi hatukumuuliza yeye," akasema Mama Fati.

Jumatatu fundi alianza kuvunja ngazi. Wunpini ndiye aliyekuwa akiijaribu kazi yake. Njia ya mteremko ya kwanza ilikuwa kali mno. Baiskeli ikarudi kinyumenyume hadi mikononi mwa Suhuyini.

"Fundi, hii umewajengea mbuzi," Wunpini akasema.

Fundi alicheka hadi akakaa chini, kisha akaivunja na kuirefusha. Akapanua na mlango. Alhamisi Wunpini alipanda bila kusukumwa, akageuza baiskeli ndani, akafunga komeo mwenyewe. Nje wasichana wakapiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuuliza kulikoni.

Kwenye mashindano ya wilaya timu yao ilishika nafasi ya pili, na tangu Alhamisi ile Wunpini hakuwa amekosa hata siku moja ya mazoezi. Walipokuwa wakirudi, Madamu Azara alimwambia, "Uongo wako ulikuumiza mwili. Lakini sisi wakubwa ndio tuliokufundisha uongo huo, kwa kutokuuliza. Kuanzia sasa wewe useme, na sisi tuulize."