Jina Lililoombwa na Kompyuta

Opondo alikuwa usingizini, lakini kompyuta yake ilikuwa inaandika.

Caren alisimama mlangoni, mtoto mchanga begani. Baada ya mumewe, Opondo, kuanguka kutoka kwenye lori la mchanga pale Luanda Kotieno, kando ya ziwa, na kupooza kuanzia shingoni, madaktari walimpandikizia kifaa ubongoni. Analowaza linakuwa maneno kwenye skrini, na kompyuta inayasoma kwa sauti. Siku ya kwanza aliandika, "Caren, umekula?"

Sasa sauti ile ile ilisema, "Mpe mtoto jina langu."

Chumba kikanuka matope ya ziwa na samaki aliyeoza.

"Kuna marehemu anaomba mtoto aitwe jina lake," mama mkwe wake, Aloo, akanong'ona. "Zamani walikuja ndotoni. Mpe, mtoto asije akaugua."

"Mama, marehemu husema yeye ni wa nani." Caren akaigeukia skrini. "Wewe ni mwana wa nani?"

Sauti ikajibu, "Sikuzaliwa."

Aloo akajishika mdomo. "Ni jini. Zima hiyo mashine, mwanangu."

"Zima," sauti ikasema, "na mumeo hatasema tena. Mpe mtoto jina langu, nihamie kwake, nimwachie huyu."

Opondo akafumbua macho, na Caren akaona machozi yakimtiririka, akaona maji meusi yakichuruzika chini ya kitanda ingawa nje jua liliwaka, akasikia kitu kikikwaruza ndani ya ukuta, kikimsogelea polepole, na kila kilipokwaruza mtoto alishtuka begani kana kwamba anaguswa na vidole vya baridi.

Caren hakuzima. Alimlaza mtoto shavuni mwa baba yake, kwa kuwa usoni Opondo bado alihisi.

"Huyu ni wako," akamwambia. "Na hicho kichwa ni chako. Mfukuze huyo mpangaji."

Herufi zikaanza kugombana, moja ikiandikwa, nyingine ikiifuta. Jasho lilimlowesha Opondo. Aloo alichukua kanga akampangusa.

Hatimaye sauti ikatoka, nzito na ya taratibu: "Mwanangu ataitwa Obonyo, kama babu yangu. Wewe, toka."

Ukuta ukapasuka kutoka juu hadi chini. Maji yakakauka.

Jioni harufu ilirudi, ikasimama nje ya dirisha. Aloo akakimbilia kulifunga.

"Liache, Mama," Caren akasema. "Huyo jini aone kwamba mtoto ana jina tayari."

Akalifungua wazi kabisa, akavuta kiti hadi pale, akaketi na kumnyonyesha Obonyo, akiliangalia giza bila kupepesa jicho.